Lengo Likifikiwa

Usiku wa jana niliota nimekalia kigoda jikoni kwangu, nasahihisha redio kwa kalamu nyekundu.

Redio ilikuwa imesoma sentensi ileile ambayo imetulisha kwa miaka kumi na miwili: "Vijana wetu walio vitani ng'ambo watarudi nyumbani lengo likifikiwa." Mwanangu Mwakio ni mmoja wa vijana hao. Alipoondoka tuliambiwa ni vita vya wiki sita, hata sweta la pili asibebe. Siku hizi kijana ana mvi. Likizo yake ya mwisho ilituachia binti, Mkamburi, ambaye sasa ana miaka minne na anaamini baba yake anaishi ndani ya simu. Ameahidiwa likizo nyingine Jumapili hii, na mimi nimeshachagua jogoo.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na hata usingizini sijastaafu.

"Likifikiwa ni kauli ya kutendwa," nikaiambia redio. "Litafikiwa na nani? Mtenda yuko wapi?"

"Mtenda hatajwi kwa sababu za kiusalama," redio ikajibu, ikarudi kwenye muziki.

Nikaona basi, kama mtenda hatajwi, nafasi yake haijachukuliwa. Nitalifikia mimi mwenyewe, yaishe. Nikajifunga leso nikatoka.

Ofisi ya Malengo ya Vita ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo yangu ya mkaa. Mezani ameketi kipaza sauti aliyevaa suti na tai, amezungukwa na maua ya plastiki.

"Karibu, mama," anasema. "Tuna dakika mbili na hatupokei maswali."

"Nimekuja kulifikia lengo. Liko wapi?"

"Lengo letu liko wazi."

"Hilo nimelisikia tangu wiki ya kwanza. Liko wazi wapi?"

Anainuka kwa heshima zote, ananitangulia hadi kwenye mlango ulioandikwa LENGO, anaufungua. Chumba ni kitupu. Hakuna meza, hakuna hata pazia, ila kiti kimoja katikati.

"Unaona mwenyewe," kipaza sauti anasema kwa fahari. "Liko wazi kabisa. Wabunge huletwa hapa kila mwaka na hutoka wameridhika."

Ni kweli, sakafuni kulikuwa na alama za viatu vya watu walioridhika. Waliingia, wakakizunguka kiti, wakatoka. Wengine, kwa jinsi alama zilivyokuwa, hawakumaliza hata kuzunguka.

Kiti kilisubiri mwenye tai aondoke, ndipo kikaninong'oneza. "Lengo amehama, mwalimu. Kila akikaribia kufikiwa wanampa jina jipya na kumsogeza mbele. Husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu lake lipo siku zote, yeye ndiye hayupo."

"Nitampata wapi?"

"Pita dirishani. Ukikanyaga mchanga, nyoosha tu."

Napita dirishani. Leso inanaswa na msumari, naivuta, na huko nje ni jangwa, jua la saa sita. Nakuta bango: LENGO KILOMITA TATU. Natembea mpaka magoti yananilaani, nakuta bango la pili: LENGO KILOMITA TANO. La tatu halina hata namba, limeandikwa tu TUNAKARIBIA. Nalipita bila kulisalimu.

Nikafika kwenye mto. Ukingoni alikaa mtu mfupi mwenye kandambili za kijani, amevaa mashati mengi, moja juu ya jingine, mpaka mikono haishuki.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye lengo?"

"Inategemea unaniuliza wa mwaka gani."

Akaanza kunionyesha kola moja baada ya nyingine. "Hili la ndani kabisa ni Kuwakamata Wezi wa Ngamia. Walikuwa wanne, walikamatwa mwezi wa pili. Nikafungasha virago, nikijua nimefikiwa. Wakanivika hili, Kulinda Mpaka. Mpaka ukalindwa, wakanivika Kuleta Uchaguzi. Uchaguzi ukaja mara mbili, maana wa kwanza hawakuupenda."

"Na hili la juu?"

Akainamisha kichwa. Shati hilo lilishonwa maandishi kifuani kwa uzi mweupe: WASIWE WAMEKUFA BURE. Lilikuwa na vifungo kuanzia shingoni hadi chini ya magoti.

"Hili halivuliki," akasema polepole. "Kila akifa mmoja, linaongezwa kifungo. Na kila likiongezwa kifungo, linakuwa gumu zaidi kulivua."

Nilishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, sifichi. Niliviangalia vile vifungo nikitafuta kilicho kipya.

"Mwanangu hatakuwa kifungo chako," nikamwambia. "Nimetembea, nimefika. Leta bega nikuguse mbele ya mto huu uwe shahidi, wewe ufikiwe, na Jumapili Mwakio aje abebe mtoto wake."

"Nakuomba, mwalimu. Lengo likishafikiwa si lengo tena. Nitakuwa nani mimi?"

"Utakuwa mtu mwenye mashati mengi. Kaa hapo hapo."

Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto kaa hapo hapo, na wamekaa. Huyu akaruka. Nilimdaka mguu wa kushoto, ukachomoka, kandambili ikabaki kwenye tope. Akaogelea na mashati yake yote, akaibukia ng'ambo ya mto, akaketi kwenye jiwe, akaanza kujikamua kana kwamba hatujawahi kuonana.

Niliamka bado namwita. Jua lilikuwa limeshapanda, jogoo anadona mlangoni, na simu ilikuwa na ujumbe wa Mwakio.

"Shikamoo mama. Jumapili siji, likizo zimefutwa. Asubuhi hii doria imeokota kandambili moja ukingoni mwa mto, ya kijani, ya mguu wa kushoto. Wakubwa wanasema huo ni ushahidi kwamba lengo liko ng'ambo. Tunavuka leo. Mwambie Mkamburi tutaongea."

Niliusoma nimesimama, kisha nikakaa. Nikaandika: "Msivuke, baba. Hakuna adui huko. Ni mimi niliyemkimbiza mwenye kandambili."

Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaniarifu kwamba ujumbe wangu haukuweza kumfikia.