Kofi la Mama Saumu

Katika mji wetu wa Baraka, ukivunjika mguu kwenye mpira, watu hawaulizi daktari yuko wapi. Wanapiga kelele: Mama Saumu! Na usidhani ni wachezaji wakubwa tu. Kuna watoto wanaopiga bale, mpira wa mifuko ya plastiki, nyuma ya soko, wakarudi na vidole vimevimba. Kuna bamama wa timu ya Jumamosi. Kuna hata baba Bonaventure, mwenye boti mbili na kitambi cha mwenye boti mbili, ambaye mpaka leo anajiona kijana. Wote hao wameshalia mikononi mwa Mama Saumu.

Dawa yake ni ile ile: maji ya moto kwenye termosi, mawese, bismillahi, kisha anakanda na kuvuta. Mwisho anakuchapa kofi moja la nguvu kwenye shavu la mguu na kusema, "Simama!" Na mtu anasimama. Hajatokea hata mmoja aliyepigwa kofi lile akabaki chini, na Mama Saumu alijivunia jambo hilo kuliko nyumba yake ya mabati. Wakimwona sokoni wanamtania, "Mama, hata maiti mutaisimamisha!" Naye anacheka, lakini moyoni anapenda kusikia.

Basi siku hiyo wasichana wa Fizi waliteremka kucheza na wa Baraka. Mshambuliaji wa Baraka alikuwa Sumaya, binti pekee wa Mama Saumu, na mtandio wake umefungwa vizuri kichwani. Kipindi cha pili akaruka kugombea bale, akatua vibaya. Mguu ukaenda huku, mwili kule. Goti likasema ko! Waliokuwa karibu walisikia.

Mama Saumu alikimbia na termosi yake, kitenge kinapepea, na watu pembeni wakaanza kuimba, "Kofi! Kofi!"

"Mama, fanyeni mbio," akasema Patrice, antrenere anayewafundisha. "Sina mwengine wa kuingiza. Nadège naye yuko pale kwenye benchi, mguu imevimba."

Mama Saumu akamwaga maji, akapaka mawese, akakanda. Mara mikono ikasita. Mfupa wa chini ulikuwa unacheza, unakwenda mbele na kurudi kama mlango uliotoka bawaba. Mama Saumu akaogopa. Mguu huu alikuwa akiukanda tangu mtoto yuko mgongoni, aliujua vizuri, na haukuwa hivi. Lakini uwanja mzima unaimba kofi, na akiacha kupiga leo, kwa mtoto wake mwenyewe, watasema nini? Akainua mkono.

Sumaya akafumba macho, akauma ncha ya mtandio.

"Mbona unajikaza? Sijapiga."

"Pigeni tu, Mama. Nitasimama. Hata ile siku tulienda kucheza Swima nilisimama."

"Siku ya Swima iko na nini?"

"Goti ilisema ko vilevile." Machozi yakaanza kumtoka. "Mulipiga, nikasimama. Batu wote balikuwa banaangalia. Ningebaki chini, bangewacheka nyie, Mama."

Mkono ukabaki juu. Yarabi! Kumbe mtoto amekuwa akitembea na goti bovu ndani ya nyumba yake, anachota maji ziwani, anacheka, ili jina la mama lisianguke. Mama Saumu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaushusha ule mkono polepole, akauweka juu ya kichwa cha bintiye.

"Usisimame," akasema.

"Mama!" Patrice akashika kichwa.

"Aka! Nimesema asisimame. Leta ubao wa kumubeba, tumupeleke lopitali."

Kisha akakaa chini kwenye majani, na kitenge chake kipya, kando ya Sumaya. Wimbo ukakatika. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, "Leo kofi imekufa!" lakini hakuna aliyemuunga mkono.

Ndipo baba Bonaventure akavuka mstari, anakuja na ule mwendo wake wa kuyumba, ambao Baraka nzima waliuita maringo ya mwenye boti. Akainama kwa shida, akakaa.

"Mama Saumu, musikasirike," akasema kwa sauti ya chini. "Mi pia. Tangu ile siku mulinipiga kofi, kisigino hainiachi nilale. Niliona haya, mwanaume muzima."

Divine, katoto ka jirani kalikosimamishwa kwa kofi asubuhi ile ile, kakaja, kakakaa na kunyoosha mguu wake uliovimba kama muhogo. Nadège akaondoka kwenye benchi akirukaruka kwa mguu mmoja, naye akakaa.

Mama Saumu akawatazama mmoja mmoja. Akafunga kizibo cha termosi, akajipangusa mawese kwenye kitenge, akamgeukia antrenere.

"Patrice," akasema, "ubao moja haitatosha."