Foko Mbili za Bomba Moja

Mzee alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Wenzake wangali wanapuliza chai, yeye tayari keshakaza kamba za viatu, keshaingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, katoweka. "Natangulia, mtanikuta," alikuwa akisema, na kabla hujamjibu unaona mgongo tu. Ndiyo maana kwenye kikundi chao cha wapenda baiskeli za chuma walimpachika jina la Mzee Kasi. Na ndiyo maana asubuhi ile, juu kabisa ya mlima walikolala, hakuna aliyeshtuka kuona pale ukutani alipoegesha baiskeli yake pakiwa patupu.

Binti yake naye hakushtuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake mwenyewe akiifuta umande kwa kitambaa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatengenezea wenzake fremu, katika karakana iliyobanana nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Alikata mabomba ya chuma kwa msumeno wa mkono, akayapiga tupa mpaka yakaumana, kisha akayaunga kwa moto wa gesi na fimbo za shaba, kama zilivyoundwa baiskeli za zamani. Kikundi kizima kilimwita Fundi. Baba yake peke yake ndiye aliyemwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

Kitambaa kilipofika kwenye foko, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, kikanasa. Uzi mmoja ulibaki umening'inia pale mguu wa kushoto unapoungana na kichwa cha foko. Fundi akadhani rangi imechubuka. Akapitisha ukucha. Ukucha nao ukanasa.

Akalowesha kitambaa, akakamulia maji pale pale. Kisha akafinya breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele, nyuma, mbele. Maji yakatoa povu dogo. Yakaingia ndani, yakatoka.

Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele.

Kwanza alijionea huruma mwenyewe. Jana nzima alikuwa ameendesha juu ya kitu hiki, amekirusha kwenye mashimo, amekiegemea kwenye kona. Akasimama, akashusha pumzi, akajisemea kwamba ameuona kabla haujamtenda, basi. Halafu mkono wake ukabaki umeganda hewani na kitambaa ndani yake, kwa sababu alikumbuka lile bomba.

Foko yake na foko ya baba yake zilitoka bomba moja. Alilikata siku moja, akaziunga mfululizo, ya kwanza ikiwa bado ya moto wakati anaanza ya pili. Gesi ilikuwa inaelekea kuisha siku hiyo na moto ulikuwa unamsumbua, unadhoofika, unakoroma, unaruka ghafla. Kama hii imepasuka, ile je? Na baba yake ni mzito kuliko yeye, tena hajui kushuka mlima kwa adabu.

"Mzee ameondoka lini?" aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Si sasa hivi tu," alijibu Mlingoti, mwalimu wa hesabu ambaye urefu wake ndio uliompa jina hilo. "Kaniachia kikombe mkononi nikamrudishie mwenye chai. Vipi, mbona umepauka hivyo?"

Fundi alikuwa ameshatoa simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Alijua simu ya baba yake iko chini kabisa ya mkoba wa nyuma, imeviringishwa ndani ya koti la mvua. Na hata ingekuwa shingoni mwake asingeisikia. Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kusaga nafaka tangu ujana wake, na mashine zile zilikuwa zimemla masikio.

Akamwonyesha Mlingoti ule ufa. Mlingoti alisukuma baiskeli yake mwenyewe kumwelekezea.

"Kiti kiko juu, hutafika," alisema. "Ngoja nitafute spana nikishushe."

"Hakuna kungoja."

"Basi sikiliza. Breki ya nyuma inachelewa kushika. Ifinye mapema. Mapema, umenisikia? Mimi nafuata kwa gari lolote litakalopita."

Fundi alipanda, na kweli, hakufika. Kila pedeli ilipokwenda chini ilimkimbia mguu. Ikambidi ashuke kwenye kiti na kushuka mlima amesimama juu ya pedeli, nyonga zikigonga bomba la juu, mikono imenyooshwa kuufikia usukani uliowekwa mbali kwa ajili ya mikono ya mwanamume mrefu.

Barabara ilikuwa imekatwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja mwamba unaotiririka maji, upande wa pili vinguzo vya mawe vilivyopakwa chokaa, na nyuma ya vinguzo hakuna kitu, ukungu mtupu. Kona ya kwanza aliiingia kwa kasi mno. Akafinya breki ya nyuma, haikutokea lolote, kisha gurudumu likashika ghafla na kuyumba, na akaviona vinguzo vile vikimjia kimoja kimoja karibu na goti lake. Alipotoka kwenye kona mdomo ulikuwa mkavu kama amelamba unga.

Hakupunguza. Alikuwa akiogopa mambo mawili kwa pamoja, na kila moja lilikuwa likimsukuma kwenye jingine. Akienda polepole, babake anakufa. Akienda haraka, huenda akafa yeye, na babake vilevile. Alijua vizuri foko inavyovunjika. Haitoi onyo. Mguu mmoja unaachia, gurudumu linageuka pembeni, na mwendeshaji anarushwa kichwa mbele kabla hajajua kwamba kuna kilichotokea. Picha hiyo ilimjia kila alipokaribia kona. Kila kona aliipita akitafuta barabarani rangi ya buluu, ile rangi ya baiskeli ya baba yake, aliyoichagua mwenyewe baada ya kusumbua wiki nzima.

Kwenye kona moja aliona watu. Walikuwa wamesimama katikati ya barabara, wameinama, na mmoja alikuwa akipunga kitambaa chekundu kuzuia magari. Chini, mbele ya miguu yao, kulikuwa na turubai limefunika kitu.

Fundi alifinya breki zote mbili mpaka baiskeli ikalia, akasimama mguu mmoja chini, na hakuweza kutamka swali. Alinyoosha kidole tu.

"Kabichi," alisema yule mwenye kitambaa. "Lori limemwaga kabichi, dada. Pita huku pembeni, zinateleza."

"Mzee... baiskeli ya buluu..."

"Ah, yule babu! Kapita hapa kama anafukuzwa na nyuki. Tumempigia makelele apunguze, katupungia mkono."

Alipita katikati ya majani ya kabichi yaliyopondeka, na kona mbili chini yake ukungu ulipasuka, akamwona.

Baba yake alikuwa ameingia kwenye kipande kirefu kilichonyooka, bado cha mteremko lakini si mkali kama huko juu. Mgongo ulikuwa umeinama, mikoba ya nyuma inacheza kulia na kushoto. Alikuwa mzima. Fundi alilia kwa sauti, kilio cha furaha kilichokatika hapo hapo, kwa sababu mbele ya mzee barabara ilikuwa na mabaka ya lami iliyobanduka, na gurudumu la mbele lilipiga baka la kwanza, la pili, la tatu.

"Baba! Baba, simama!"

Upepo ulichukua maneno yake ukayapeleka nyuma. Akakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Umbali ukaanza kupungua. Akaona kichwa cha mzee kikiinuka kidogo kuelekea kwenye kioo kidogo alichokifunga ncha ya usukani. Amemwona! Mzee aliinua mkono, akaupunga, na Fundi akasubiri kuona dalili ya kusimama kwenye mwili ule, bega kulegea, mguu kutafuta ardhi.

Badala yake mzee aliinama zaidi. Viwiko viliingia ndani, miguu ikaanza kuzunguka kama cherehani.

Alidhani wanashindana.

Mara ngapi wamecheza mchezo huo, baba na binti, kwenye njia tambarare za kutokea mjini! Yeye akimnyemelea, mzee akimgundua kwenye kioo, akikimbia huku anacheka. Sasa kila Fundi alipoongeza kasi, mzee aliongeza. Kila alipopiga kelele, mzee aliona kwenye kioo mdomo uliofunguka, akaudhania kicheko. Mwisho wa kile kipande barabara ilikuwa inakunja tena na kuporomoka, na hofu iliyomwingia Fundi wakati huo ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo. Ilikuwa baridi, na ndani yake mlikuwa na jambo moja la wazi: ni yeye anayemkimbiza.

Akafinya breki. Ya nyuma mapema, kisha ya mbele. Aliposimama, alitupa baiskeli ya Mlingoti katikati ya barabara, na yeye mwenyewe akalala chini kando yake, mikono imetanuka, kifudifudi kwenye lami yenye maji.

Lami ilikuwa baridi na ilinuka mafuta. Hakuthubutu kuinua kichwa. Tazama kioo, baba. Tazama sasa. Alisikia pumzi yake. Kisha, kupitia shavu, alisikia lami ikitetemeka. Huko juu, nyuma yake, gari kubwa lilikuwa likibadilisha gia.

Alijua akiinuka mapema mzee atamwona mzima na ataendelea. Akajibana palepale chini. Mtetemo ukawa ngurumo, ngurumo ikawa honi ndefu isiyokatika, na hapo mwili ulikataa kumsikiliza tena. Alijiviringisha mpaka pembeni, akavuta baiskeli kwa kiti. Lori lilipita likimrushia matope usoni, dereva akimtukana kupitia dirishani.

Alipofuta macho, alimwona baba yake. Alikuwa amegeuza. Alikuwa anapanda mlima kumrudia, na alipanda amesimama juu ya pedeli, uzito wote kwenye mikono, akiuvuta usukani kulia, kushoto, kulia. Hakuna namna mbaya kuliko hiyo ya kuitesa foko iliyopasuka.

"Shuka!" alipiga kelele Fundi, akiinuka. "Baba, shuka! Shuka chini!"

Mzee alimwona amejaa matope, anapepesuka, anapunga mikono. Akavuta kwa nguvu zaidi.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amevunja kijiti kikavu gotini. Gurudumu la mbele lilienda upande wake, baiskeli upande wake, na mzee akaanguka mbele, mkono kwanza, halafu uso.

Fundi hakukumbuka baadaye namna alivyofika pale. Alimkuta amekaa, mdomo umejaa damu, mkono wa kulia ameushika tumboni kama mtoto mchanga. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Macho yake yalimpekua binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umeumia wapi, mama?" aliuliza. "Nionyeshe. Umeumia wapi?"

Fundi alipiga magoti, akamshika bega, na meno yake mwenyewe yakawa yanagongana kiasi kwamba mzee ndiye aliyembembeleza, kwa mkono wake mzima, mpaka Mlingoti alipofika ndani ya gari la maziwa.

Hospitalini walimfunga mzee plasta tangu vidoleni hadi kiwikoni. Ni hapo, kwenye benchi la korido, alipoelezwa yote: ufa, bomba, gesi iliyokuwa inaisha. Alisikiliza akiwa amemgeuzia binti yake sikio lenye nafuu. Fundi akangoja lawama.

"Kwa hiyo pale ulipolala chini, hukuwa umeanguka?"

"Hapana, baba."

"Lori lilipita juu yako. Mimi niliona hivyo. Niliona lori linapita mahali ulipolala." Mdomo ulianza kumtetemeka, ukiwa umevimba. "Usirudie. Hata kama nakwenda kufa, usirudie."

Huo ndio ukawa ugomvi wao pekee kuhusu jambo lile. Habari ya foko hakuitaja tena. Mama yake Fundi ndiye aliyeitaja, kila siku, mbele ya kila mgeni, mpaka mzee akaanza kujifanya hasikii hata kwa lile sikio zuri.

Fundi aliwapigia simu wote waliokuwa wanaendesha chuma alichokiunga kwa mkono wake. Akakagua foko zao moja baada ya nyingine kwa kitambaa kibichi na ukucha. Hakupata ufa mwingine. Hilo halikumtuliza. Aliipasua foko yake kwa msumeno, akaona chuma kilivyoungua kwenye kiungo na shaba ilivyoishia njiani bila kufika kote. Baada ya hapo kila alipowasha moto karakanani aliuzima, akatoka nje.

Siku moja baba yake aliingia, akakaa kwenye kigoda na plasta yake, akasema amekuja kuangalia tu. Fundi akawasha moto na hakuuzima.

Foko ya kwanza aliyoiunga aliikata ili aione ndani. Ya pili pia. Ya tatu aliifunga kwenye baiskeli ya buluu, na kabla ya kumpa mwenyewe aliipanda yeye, kwenye kilima cha nje ya mji, Mlingoti akimngoja chini. Alishuka amefinya breki njia nzima, macho hayatoki kwenye gurudumu, kila kijiwe kikimpitia mgongoni. Alifika mzima na foko nzima. Ila mikono ilikuwa imekakamaa kwenye usukani, na Mlingoti ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja, polepole, huku akimwambia ameshafika, ameshafika, aachie.