Mayai ya Wifi

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na mimi kichwa hicho nakipenda. Alipomwacha mumewe alikuja kwetu na begi moja, huku yule bwana akimsindikiza kwa maneno: "Utarudi tu. Huna pa kushika." Wifi akatwaa stoo yetu, akaweka mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya kwanza yaliharibika yote. Ya pili yalikuwa yamebakiza siku chache kupasuka, dhoruba ikaja, ikang'oa mabati ya jirani na kulaza nguzo za umeme barabarani.

Mafundi walipita, wakazitazama zile nguzo, wakaenda zao. Mashine ikaanza kupoa.

Mume wangu akashauri tuweke kandili ndani yake.

"Kaka, moshi utayaua," wifi alisema. "Ulishaona kuku na kandili?"

Akavua mtandio, akapanga mayai tumboni, akajifunga. "Njooni. Kila mtu na yake."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini nilijifunga yangu. Nyumba nzima tukawa matetea. Tulipika kwa zamu na kushinda sebuleni ndani ya mablanketi, mvua ikipiga madirisha tuliyoyaziba kwa mbao. Baba mkwe, dereva wa lori aliyestaafu, alikataa katakata.

"Mimi jogoo. Jogoo haatamii."

"Jogoo asiyeatamia hapati chai, baba."

Akapewa matano. Mzee ambaye hajawahi kutulia kitini alikaa kama amebeba glasi.

Wifi alitupitia mmoja mmoja. Alichukua yai, akaligusisha kwenye kope la jicho kupima joto lake, na lililopoa akalihamishia kwa mwenye mwili wa moto. Macho yalimwiva kwa usingizi. Dhoruba nyingine ikaja juu ya ile ya kwanza, naye hakulalamika hata mara moja. Mimi ningeshayakaanga.

Umeme ukiwa bado haujarudi, baba mkwe akapiga kelele. "Kuna mtu ananidonoa!"

Wifi alimfungua kifungo cha shati. Yai moja lilikuwa limetoboka, na ndani yake mdomo mdogo ulikuwa ukihangaika. Akainama, akaweka sikio.

Hapo hapo tukasikia gari nje, na mlango ukafunguliwa. Alikuwa yule bwana, viatu vikavu, mwavuli mkononi.

"Kwangu jenereta inawaka," alimwambia wifi. "Maji ya moto yapo. Utakaa gizani mpaka lini? Twende."

Wifi alikuwa hoi, na aliyechoka hachelewi kushawishika. Mume wangu alifungua mdomo, nikamfinya.

Wifi hakuinua kichwa kutoka kifuani kwa baba yake.

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."

Bwana yule alirudi nyuma hatua moja. Akaufunga mlango, akiwa upande wa nje.