Kombe Lisilowekwa Chini

Arlette Novak alifika kwenye baa ya Curtis saa nane mchana, jua la mji wa Escondido likichoma hasa, amevaa lile shati la maua ambalo Merle alisema linapiga kelele kuliko mwenyewe. Hakuja kulia. Kulia alishalia siku kumi tangu Merle afe, akaona yatosha. Alikuja kwa sababu ya ahadi.

Merle Ostrander alikuwa mchonga vinyago, na mfinyanzi pia. Kwa miaka ishirini na sita yeye, Arlette na wenzao walikuwa wakitembeleana katika baa walizojijengea nyuma ya nyumba zao kwa kuiga visiwa vya mbali: paa la makuti, vinyago vya miungu ya huko, taa za ngozi ya samaki bunju, pombe ya miwa na ndimu. Majirani waliwaona wazee waliokataa kukua. Merle hakujali. "Miungu ina wenyewe, huko visiwani," alikuwa akisema. "Hivi vyangu ni vinyago vya kunywea tu. Asiyependa apite zake."

Kila mmoja alikuwa na kombe lake la udongo lenye sura, limetundikwa kwenye msumari wake. La Merle ndilo lililotangulia kutoka kwenye kalibu yake ya kufinyangia. Subira hakuwa nayo. Alilitoa udongo ungali mbichi, kidole kikazama chini ya sikio la kushoto. Akalichoma hivyo hivyo na tundu lake, akalinywea hivyo hivyo maisha yake yote, kidole gumba kimeziba. Kombe lile ukilishika huliweki chini mpaka umalize. Ukijisahau, suruali inalewa kabla yako. Kwa hiyo watu walijua kwamba Merle akishika kombe amekaa, na hadithi itafika mwisho wake.

Hospitalini alimwambia Arlette, "Wasije wakaniweka kabatini, dada. Utaangalia?"

"Nitaangalia."

Maana ndiyo desturi yao: mtu akifa, kombe lake huingia kwenye kabati la kioo, haliguswi tena. Sasa Curtis Bell, mwenyekiti wa kundi lao, alikuwa amesimama mbele ya kabati jipya, kombe la Merle mkononi, watu kumi na tano wamemzunguka.

"Lete hapa," Arlette alisema.

"Kura ya kuliweka kabatini ilishapigwa, Arlette."

"Lini?"

"Siku ya mazishi. Pale kwenye maegesho."

"Mmemngoja mtu afukiwe ndipo mumpigie kura. Hongereni."

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Arlette alilichukua kombe, na kidole gumba kikaenda chenyewe chini ya sikio. Hakikukuta tundu. Kilikuta ulaini.

"Nani ameziba?"

"Mimi," Curtis alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Gundi, halafu rangi juu. Huwezi hata kuona. Kitu cha kumbukumbu hakikai na kasoro, bibie."

Arlette alilitazama. Alikumbuka jinsi wale wa mazishi walivyomchana Merle nywele, yeye ambaye chanuo alilijua kwa kulisikia. Alikwenda kaunta, akachukua chuma chenye ncha cha kupasulia barafu.

"We, litapasuka hilo," Curtis alisema. "Hakuna la badala. Kalibu aliitupa mwenyewe."

"Likipasuka, nimelivunja mimi."

Aliweka ncha kwenye rangi, akaanza kuzungusha, polepole, kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. Unga wa gundi ulimdondokea kwenye kiatu. Kisha ukasikika mlio mdogo, *ti*, na ufa mwembamba kama unywele ukapanda kutoka sikioni kuelekea jicho. Mkono wake ulisita. Akaendelea. Ufa ulifika kwenye jicho, ukakoma hapo. Gundi iliyobaki ikatoka nzima, kama jino.

Aliponda barafu, akamimina pombe nyeusi ya miwa, ndimu, maji ya mdalasini. Akaweka kidole mahali pake, akanywa.

"Siku moja polisi alimsimamisha Merle," alisema. "Kinyago kimekaa kiti cha mbele. Polisi anauliza, mbona abiria hajafunga mkanda? Merle akamwambia, 'Afande, nimembembeleza tangu San Diego. Mkaidi huyu.'"

Wakacheka, wengine huku wanapangusa macho. Arlette akampa jirani yake kombe, kidole kwa kidole. Yule naye akanywa, akasimulia hadithi yake. Halikuwa na mahali pa kuwekwa, basi likaenda kwa mwingine. Likajazwa mara tatu. Mwisho likamfikia Curtis.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alitazama kaunta, akatazama meza, akalitazama kabati lililo wazi.

"Wiki nzima nimelitengeneza kabati lile," alisema.

"Kazi nzuri. Weka viatu vyako humo."

Curtis, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwenye mkutano, alivuta kigoda akakaa.

"Mimi na Merle," alianza, kidole gumba kikaacha tundu kwenda kupangusa jicho. Tone la kwanza la pombe likaangukia suruali yake nyeupe, na la pili.

"Kidole, Curtis," Arlette alimwambia. "Kidole. Haya, wewe na Merle."