Utepe Mwekundu Shingoni

Mbwa wa kwao Sudri hawafungwi kamba. Wanalala barabarani, wanakula wali wa sadaka za miungu zilizowekwa malangoni, na kila mmoja ana nyumba yake ingawa hakubali kushikwa. Vijana walipokuja na nyavu kuwachanja, waliambulia wachache, tena kwa kuumwa.

Nengah Sudri alikuwa na njia yake. Miezi mitatu, kila asubuhi, aligonga sufuria kwa upawa na kugawa matonge ya wali yenye mafuta ya nguruwe. Siku ya sindano mbwa wakaja wenyewe, naye akamfunga kila aliyechanjwa utepe mwekundu. Haukuwa mchezo. Mwaka uliotangulia Putu, binti wa jirani yake Ketut Menuh, alikufa kwa kichaa cha mbwa, akiogopa hata maji ya kunywa. Sudri alijua kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Wenye mbwa waliuliza jambo moja tu: wale wanaotumwa kuua mbwa kwa sumu wakija, itakuwaje? Sudri akawaapia. Kaka yake, Wayan Gelgel, ndiye mkuu wa kitongoji, na alikuwa amempa neno lake kwamba mwenye utepe haguswi.

Kisha Sudri akaenda kwa wakwe zake kwenye sherehe ya hekalu. Aliporudi mchana wa siku ya pili, njia ilikuwa kimya. Menuh alikuwa ameketi langoni, amempakata mbwa wake wa madoa aliyekufa, povu limemkauka mbwa huyo mdomoni.

"Waligonga sufuria," Menuh akasema. "Mbwa wakaja mbio. Hata mimi nilidhani ni wewe."

Sudri akaingia jikoni kwake. Sufuria haikuwapo. Kikulacho ki nguoni mwako: ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ufunguo mwingine.

Gelgel hakukana. Alimkaribisha kahawa, akamweleza kwa upole kwamba mgeni mmoja wa hoteli ameumwa na mbwa, wakubwa wanataka hesabu ya mizoga kabla ya Ijumaa, na mbwa wasiochanjwa hawakamatiki.

"Wako walikuwa wepesi," akasema. "Nisingefanya hivyo wangenitoa madarakani. Wewe ni mdogo wangu, utanielewa."

Sudri aliiacha kahawa ipoe. Alikuwa na hasira, lakini kilichomuuma zaidi ni aibu, kwa kuwa wale mbwa walikuwa wamemwamini yeye.

Nyumba bila mbwa haikaliki kule. Huingia wezi, huingia na wachawi. Hazikupita wiki mbili, watu wakanunua watoto wa mbwa sokoni, wa kutoka kusikojulikana, hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Sudri alipopita na sanduku lake la sindano, malango yalifungwa. Menuh alimjibu kupitia mlangoni kwamba hana mbwa, huku nyuma yake kitoto cha mbwa kikilia. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Lango moja tu lilikuwa wazi, la Gelgel. Mjukuu wake alikuwa akigaagaa uani na mbwa mdogo wa kahawia aliyekuwa akimtafuna vidole.

"Mchanje huyu, mdogo wangu," Gelgel akasema. "Mtoto hataki kumwachia."

Sudri alitaka kugeuka aondoke. Akamtazama yule mtoto, akapiga magoti, akadunga sindano. Gelgel akatabasamu, akaona yameisha, akaagiza kahawa.

"Usijisumbue, mheshimiwa mkuu wa kitongoji," Sudri akasema, akifunga sanduku.

Tangu ajue kusema, hakuwahi kumwita ila kaka.