Njiwa wa Ibtisam

Njiwa wa mnara wangu nimewalea mwenyewe, na hachinjwi hata mmoja bila ruhusa yangu. Ndiyo maana niliuona wivu kabla ya wengine. Kila njiwa wa kumrudishia mzazi nguvu aliyepelekwa chumbani kwa Ibtisam, mkaza mwana wangu mdogo aliyezaa kwa upasuaji mjini Sohag, Nagat alimsindikiza kwa macho.

Nagat ni mke wa mwanangu mkubwa, Bakri. Wanawe wote aliwazaa humu nyumbani, mikononi mwa mkunga, na sasa alikuwa na mimba nyingine, kubwa.

"Mimi nikizaa, keshokutwa niko kwenye tanuri la mikate," alimwambia mke wangu. "Huyu hata birika hainui. Malkia!"

"Amepasuliwa, mwanangu."

"Basi na mimi nitapasuliwa."

Hakuwa akitania. Alikwenda kwa daktari yule yule. Nilidhani atamfukuza. Kumbe alimwambia, "Ya nini kuteseka, mama? Njoo Alhamisi."

Siku ya saba ya mtoto wa Ibtisam, wanawake wa kijiji walijaa uani. Mtoto akalazwa ndani ya chekeche, ubani ukafuka, mke wangu akagonga kinu cha shaba: "Msikilize bibi yako, usimsikilize baba yako!" Ikabaki, kama ada yetu, mama amvuke mwanawe pale chini mara saba.

Ibtisam akainua mguu, akashika tumbo, akaurudisha chini. Akajaribu tena. Akalia.

"Nagat, mvukie mwenzio," mke wangu akasema.

Nagat akapandisha gauni, akavuka, akarudi, akavuka, mwepesi kama mbuzi na tumbo lake lile. Vigelegele vikapigwa. Nilimtazama Ibtisam. Hakuwa akimwangalia mwanawe. Alikuwa akiiangalia miguu ya Nagat, kwa jicho lile lile la Nagat kwa njiwa.

"Mchukue kabisa," akasema. "Si sherehe yako?"

"Wee! Unanionea wivu mimi?" Nagat akaanza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

Jioni alinifuata mnarani.

"Baba, mwambie Bakri Alhamisi siendi."

"Una ulimi, mwambie mwenyewe."

"Nitamwambia. Lakini nikizaa, njiwa nawataka."

"Wangapi?"

Akageuka kukitazama chumba cha Ibtisam.

"Wote aliokula yule," akasema, "na mmoja zaidi."