Barua ya Sifa za Lutengano

Mwaka ule wa hamsini na sita, migodi ya Chunya ilipokuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, pale sokoni Iringa palikuwa na mtu akiitwa Tadeo, mpiga chapa wa barua. Aliweka mashine yake barazani kwa fundi cherehani, na ukimjia mapema, kabla hajaonja ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuandikia barua ya maana.

"Kaa, mtu wa ndizi," alimwambia Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu. "Unaomba kazi gani?"

"Upishi. Kwa yule mzungu wa tumbaku, kule mbele ya Ipogolo. Nasikia anatafuta mtu."

"Anatafuta! Mwezi huu nimempigia barua kumi na tisa, mimi peke yangu. Zote zinaanza na 'Ninayo heshima kubwa'. Unafikiri anazisoma? Anawashia jiko."

Fundi cherehani akacheka. Lutengano hakucheka. Mkewe Damari alikuwa amelazwa hospitali palepale mjini, kifua, na daktari alisema miezi sita. Kumwacha peke yake kati ya watu wasiojua Kinyakyusa, yeye akarudi Tukuyu kulima, hilo hakuliweza. Na kukaa Iringa bila kazi nako hakukuwa rahisi. Mwenyeji wake wa Kihesa alikuwa mtu mwema, lakini siku hizi kila jioni alimsimulia habari za watu waliopata kazi.

Akafungua kitambaa, akatoa karatasi. "Hii aliniandikia mzungu wangu wa Chunya mgodi ulipofungwa. Ni Kiingereza. Sijui imesema nini."

Tadeo akaisoma kimya, halafu akaisoma tena midomo ikicheza.

"Bwana wee! Umekaa na hii kitambaani? Sikiliza. 'Lutengano ni mpishi hodari, mkate wake wa kiangazi hauna kifani. Tena ni fundi. Pampu ya mgodi ikifa usiku wa mvua, huifungua mwenyewe na kuifunga mwenyewe, na asubuhi maji yamekwisha. Miaka minne hakukosa kazi hata siku moja.' Mtu kama huyu hayupo Iringa nzima!"

Kweli, hakuwapo. Mambo ya mkate yalikuwa ya Lutengano mwenyewe. Ya pampu yalikuwa ya Jailos, mdogo wake.

Wakati ule mtu alifanya kazi kwa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, kila siku chumba kimoja. Kipande kikikatika, mtu alianza upya au alipoteza nafasi. Basi ndugu wengi wa kule milimani walishirikiana kipande kimoja. Kiangazi Lutengano alimpikia mzungu. Mvua zikianza alikwenda Tukuyu kulima shamba, na Jailos akaingia mahali pake, kwa jina lake na kipande chake. Jailos aliunguza kila alichokipika. Lakini mvua ndiyo iliyojaza mgodi maji, na mzungu, ambaye vumbi la mawe lilikuwa limemla macho, alisamehe mkate mbaya kwa ajili ya pampu nzima. Hakuna aliyeliita jambo hilo wizi. Shamba lililimwa, kazi ilifanyika, kila mtu alikula. Nani angefikiri kwamba siku moja mzungu atakaa chini ayaandike yote kwa jina moja?

"Habari ya pampu itoe," Lutengano akasema.

"Niitoe? Ndiyo barua yenyewe hiyo! Nikiitoa unabaki mpishi, na wapishi hapa ni kama nzige."

"Si yangu ile."

"Imeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi." Tadeo akaingiza karatasi kwenye mashine. "Hakuna 'heshima kubwa' leo. Naanza hivi: 'Mimi ni mpishi ninayetengeneza pampu.' Na hii ya Chunya tunaifunga pamoja nayo. Hapo asipoona, ni kipofu."

Lutengano alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Akilini alimwona Damari amekaa kitandani, shuka mpaka shingoni, akitazama mlango. Mashine ikaanza kugonga.

Siku ya sita aliitwa. Nyapara wa shamba, Mhehe mmoja akiitwa Liberatus, alikuja mwenyewe mpaka Kihesa. "Barua arobaini na moja, baba," alisema. "Bwana amesoma yako, amepiga meza. Hata chumba kimekwisha kufagiliwa."

Lutengano alipita hospitali kwanza, akamwambia Damari ameitwa. Halafu akateremka Ipogolo na aproni yake kwapani.

Walipofika shambani wakalipita jiko. Wakaipita nyumba, wakapita mabanda ya tumbaku, wakashuka mtoni. Mzungu alikuwa amesimama kando ya pampu, magoti yana matope.

"Wewe iko Lutengano? Vizuri! Hii kufa siku nne. Miche yangu yote nakauka. Fungua."

Akampa spana. Lutengano aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha mkubwa. Akachuchumaa. Akaona skrubu nyingi, zote sawa. Akachagua moja, akaivuta, haikusogea. Akaivuta upande wa pili. Liberatus akainama, akanong'ona, "Baba, hiyo ni ya kushikilia mguu tu."

Akachagua nyingine. Mafuta meusi yakamrukia kifuani. Wanawake waliokuwa wakichota maji ya miche kwa ndoo walisimama kutazama.

Mwisho akaiweka spana juu ya jiwe. "Bwana, hii alikuwa akitengeneza mdogo wangu. Mimi nilipika."

Liberatus akafasiri, akaeleza na habari ya kipande. Mzungu hakukasirika, na hilo ndilo lililomshinda Lutengano, maana kwa mzungu mwenye hasira alikuwa na maneno. Huyu aliitoa barua mfukoni, akaisoma tena polepole, akauliza jambo.

"Anasema mpishi atampata popote," Liberatus alisema. "Anasema, huyo wa pampu yuko wapi? Mlete. Kazi ni yake, na chumba. Anakupa wiki mbili."

Jailos alikuwa Afrika Kusini. Waandikishaji wa migodi ya kule walimchukua Mbeya mwaka uliopita. Wale hawasomi barua, wanagonga kifua na kutazama meno. Lutengano alisimama kwenye foleni hiyohiyo, akaambiwa ni mzee. Tangu hapo Jailos hakutuma hata salamu.

Alifika hospitali saa ya kuona wagonjwa inakaribia kwisha. Mama wa kitanda cha pili, Rozalia, alikaa wima alipomwona.

"Hongera, baba! Mkeo amenieleza. Watu arobaini na moja! Na mafuta haya kifuani, umekwisha anza?"

Damari alikuwa amesuka nywele. "Chumba chenyewe kina dirisha?" aliuliza.

"Sikukiona."

"Utaanza lini?"

Lutengano aliketi pembeni mwa kitanda.

"Wanamtaka Jailos," alisema.

"Jailos wetu?"

"Huyohuyo."

Damari akalala chini, akavuta shuka. Rozalia aliwatazama wote wawili, huku na huku.

"Jailos ni nani?" akauliza. "Si wamwite tu aje?"